Mtihani wa Kutoka Garini

Kazi yangu ni kukagua magari yaliyogongwa. Kampuni ya bima hunituma yadi, naangalia chuma kilichopinda, napiga picha, kisha naamua kama gari litengenezwe au liende skrepa. Nimeifanya kazi hii hapa Toronto kwa muda mrefu, kiasi kwamba nikialikwa harusi watu huniuliza habari za bampa zao kabla ya kuniuliza habari za watoto wangu. Magari yenyewe sijawahi kuyapenda. Nadhani daktari wa meno naye hapendi meno.

Nayasema haya mapema kwa sababu wanawake wenzangu msikitini wanaamini niliingia kwenye mbio kwa kuchanganywa na umri. Sikuchanganywa na kitu. Nilikutana tu na mzee mmoja aliyekuwa amelala chini ya gari nililotumwa kulikagua.

Ilikuwa yadi moja upande wa mashariki wa jiji, wakati ule wa matope theluji inapoyeyuka. Gari lilikuwa limebonyea mbele lote, na chini yake imetokeza miguu miwili yenye buti za kazi. Nikasema kwa Kiingereza cha ofisini kwamba gari hilo bado ni mali ya kampuni, na anayelala chini yake analala kwa hatari yake mwenyewe. Miguu haikusogea. Kisha nikasikia sauti ikijisemea kwa chini, "Huyu mama mkali kama pilipili."

"Pilipili amekusikia," nikamjibu. "Toka chini ya gari."

Akatoka akicheka, mzee wa Kipunjabi mwenye ndevu nyeupe, grisi mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia shikamoo, maana mazoea hayangoji hasira ipoe. Akacheka zaidi. "Wewe ni wa Tanzania," akasema. "Sisi kule Nakuru tunasema habari, na mambo imekwisha."

Mimi ni Khoja wa Arusha, Mwislamu wa asili ya Kihindi. Kikachi changu na Kipunjabi chake havikutani popote, na Kiingereza sote wawili tulikitumia kama koti la kazini. Tukabaki na Kiswahili, chake cha gereji za Nakuru na changu cha shule za Arusha, na kwa muda wote niliomjua hatukuzungumza lugha nyingine tukiwa wenyewe. Watu waliotusikia walidhani ni Kihindi. Tukawaacha wadhani.

Siku hiyo alikuwa anapima giaboksi. Alisema anatengeneza gari la mbio, nami nikamtazama ndevu. Akanieleza kwamba mbio zao si zile za kuzunguka na kupitana. Kuna uwanja wa ndege wa zamani, mbali kaskazini ya jiji, katikati ya mashamba ya mahindi, ambao ndege ziliacha kutua kitambo. Unasimama peke yako mwanzo wa njia ya kurukia. Bendera ikishuka unakwenda moja kwa moja, na mwisho wa maili kuna vyombo vinavyopima kasi uliyofika nayo. Ukifanya vizuri unapewa karatasi yenye namba, watu wanakushika mkono, mnakula mahindi ya kuchoma mnarudi nyumbani.

"Na mnaopambana nao wako wapi?" nikauliza.

"Hakuna. Ni wewe na ile namba ya mwaka uliopita." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Wewe unaona gari ikishakufa. Njoo uone moja kabla haijakufa."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Mpaka leo sina sababu ya maana ya kuitoa, isipokuwa kwamba mume wangu alikuwa ameshika televisheni.

Gereji yake ilikuwa North York, nyuma ya ghala la mazulia. Kutoka kwangu Richmond Hill nilitambaa kwenye foleni pamoja na mji mzima, nikienda kujifunza kwenda kasi. Humo ndani kulikuwa na magari mawili. La kwanza lilikuwa saluni kuukuu iliyotolewa viti na kujazwa mabomba ya chuma ya kumkinga dereva, ambalo alifundishia watu. La pili lilikuwa halijakwisha. Lilikuwa refu, jembamba, limelala chini kiasi kwamba ukisimama kando yake linakufika magotini. Alilichomelea mwenyewe bomba kwa bomba, akitumia injini ya gari dogo la kawaida. Dereva hulala humo karibu chali, na juu yake hufunikwa kifuniko. Alikuwa amelitengeneza kwa miaka na alikuwa na haja moja tu nalo, kuliendesha yeye mwenyewe, maili moja, kwa kadiri litakavyokwenda.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akishona mkanda wa parachuti, lile linalofunguka nyuma ya gari kulipunguza mwendo. Yeye ni wa Eldoret. Mimi nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, naye aliniita binti ingawa nina watoto wa chuo kikuu. Siku za mbio kazi yake ilikuwa ni pikapu. Aliiendesha mpaka mwisho kabisa wa uwanja, akakaa huko na redio ya mkononi, chupa ya chai na mitungi ya kuzimia moto, amngoje mumewe afike ili alivute gari kulirudisha. Alikuwa ameona mwanzo wa mbio mara chache sana maishani mwake. Alichokijua yeye ni mwisho.

Nilianza kufundishwa bila kuulizwa kama nataka. Jambo la kwanza lilikuwa kuokota mawe. Asubuhi ya siku ya mbio, kabla injini yoyote haijawashwa, washindani wote hujipanga mstari mmoja kukata upana wa njia, wakatembea taratibu mpaka mwisho, wakiokota kila kijiwe na kila msumari. Bingwa huokota, mgeni huokota. Nilidhani ni kazi ya kumshusha mgeni kiburi, mpaka nilipoona wakongwe ndio wanaoinama zaidi. Mzee alikuwa na kawaida ya kunionyesha kijiwe kidogo kama punje ya choroko na kunitazama, bila maelezo.

Jambo lingine lilikuwa vile vifuniko vidogo vya vali za tairi. Tairi mpya za saluni ile zilikuja na vya plastiki, kama vya gari lolote. Aliving'oa akavitupa kwenye pipa, akaweka vya chuma, kwa sababu tairi ikizunguka kwa kasi ile vali huvutwa nje na plastiki haizuii kitu. Mimi nimekagua magari maelfu na sijawahi kuandika neno moja kuhusu kifuniko cha vali.

Kabla ya kuingia garini kila mtu huvaa soksi ya kichwa isiyoshika moto, inayoacha macho tu. Wanaume walilalamika kwamba masikio yanawaka. Mimi nilivaa yangu juu ya mtandio nikatulia. Mzee akaniambia, "Leo wote tumekuwa kama wewe." Nikamwambia wamechelewa.

Kasi yenyewe haina mengi ya kusimulia. Unaona zege, unasikia makelele, kisha imekwisha na unatafuta breki. Nilitegemea hofu na sikuipata, na hilo ndilo lililoniponza. Mwanafunzi hupandishwa ngazi kwa ngazi, kila mbio na kasi yake, na mimi niliambiwa nifikapo kasi fulani niishikilie hapo hapo. Nilifika, gari likawa tulivu, nikahisi mguu bado una nafasi. Nikaongeza. Niliporudi mstarini nilikuwa tayari kupongezwa.

"Nilikuambia nini?" mzee akauliza.

"Uliniambia nisizidishe."

"Na wewe?"

"Nilizidisha kidogo tu, mzee. Gari lilikuwa limetulia."

"Enda nyumbani."

Nilidhani anatania. Alikuwa ameshageuka. Njia nzima mpaka Richmond Hill nilimsema kwa lugha zote ninazozijua, na nilipofika niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Niliporudi uwanjani mara nyingine aliniwekea chai kama hakuna kilichotokea, akasema maneno machache tu, kwamba mtu mwoga yeye anaweza kumfundisha, lakini mtu anayejiamulia, siku moja yeye atalazimika kumzika. Nikarudia ngazi ile ile. Nilishikilia kasi pale pale aliposema mpaka mguu ukafa ganzi, nikapita.

Lakini hakuna aliyepata leseni bila mtihani wa kutoka garini. Unafungwa mikanda yote, mabegani, kiunoni, mpaka mikononi. Unavaa helmeti na glavu, unafungwa kitambaa machoni, kwa sababu gari likiwaka kitu cha kwanza kinachokupotea ni kuona. Ukiambiwa toka, utoke. Mkaguzi mkuu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ndiye hushika saa, na muda unaopewa ni mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu vyako. Nao wote wanaotazama husimama na mikono nyuma, vidole vimeshikana, kama watoto wa shule mbele ya mwalimu wa zamu. Hiyo ni kanuni yao ya zamani. Mtahiniwa haguswi.

Mimi nilifungwa macho kwa mtandio wangu wa akiba, maana gereji nzima haikuwa na kitambaa kisicho na mafuta. Nilifungua mikanda vizuri, nikachomoa usukani, ambao kwenye magari haya hutoka ili dereva apite, kisha mkono wa ovaroli ukanasa mahali. Nikavuta. Ukakaza. Nilikuwa nimelala mle kama kuku aliyefungwa miguu, nasikia pumzi za watu wazima waliosimama karibu kabisa na mimi na hakuna aliyeinua kidole. Muda ukaisha. Nilipotoa kitambaa nilikuwa na hasira za kutosha kuwasha injini.

"Ungenivuta tu ule mkono," nikamwambia mzee.

"Siku hiyo ikija, mimi sipo hapo. Mama yuko mbali, kule kwenye pikapu, anakimbia, na bado hajafika. Nikikushika hapa mimi nakudanganya."

Nilirudia jioni ile ile, mkono wa ovaroli nimeubana kwa mpira, nikatoka.

Na hapa ndipo penye desturi yao nyingine, ambayo sijaisikia mahali pengine popote. Kila masika, msimu unapofunguliwa, wakongwe nao hufanya mtihani huo upya, na anayemtahini mkongwe ni mwanafunzi wake wa mwisho. Mkaguzi hushika saa, lakini ndiyo au hapana husemwa na mwanafunzi. Niliuliza kwa nini. Mzee akasema rafiki wa rika lako atakuonea huruma kwa sababu kesho ni zamu yake, lakini uliyemfundisha bado anakumbuka ulivyomtesa. Alikuwa anacheka aliposema hivyo. Mwaka wa kwanza nilipomtahini alitoka garini upesi hivi kwamba mkaguzi aliitazama saa mara mbili. Nilisema ndiyo, tukaenda kunywa chai.

Majira ya baridi yaliyofuata aliteleza kwenye barafu mlangoni mwa gereji na kuangukia bega la kulia. Madaktari walilifanyia waliyoweza. Mkono ulirudi, ila haukupanda tena juu ya sikio. Hakulalamika hata siku moja. Niliona tu kwamba zana zilizokuwa zimetundikwa juu ukutani zinashuka. Wiki hii msumeno, wiki ijayo nyundo, mpaka ukuta wa juu ukawa mtupu na zana zote zimejazana usawa wa kiuno. Nilipouliza alisema amezishusha ili mimi nizifikie. Mimi ni mrefu kuliko yeye.

Gari lile refu lilikwisha majira hayo hayo. Tuliliwasha mara ya kwanza ndani ya gereji na vumbi la mazulia likamwagika kutoka kwenye dari ya jirani. Mzee aliweka mkono wake mzuri juu ya injini akautuliza hapo, macho yamefumba, akisikiliza. Nilijua anachokitaka na nilijua kinachomzuia, na sote wawili tulijua nani ataulizwa. Asipopita mtihani leseni yake ilikuwa inakufa, na kwa umri wake wasingempa nyingine. Si kwamba angengoja mwaka ujao. Hakukuwa na mwaka ujao.

Hakukaa tu akisubiri bahati. Aliongeza bomba la kushikia upande wa kushoto, chini, ambako mkono mzima ungeweza kulifikia. Akabadilisha bawaba za kifuniko kifunguke kwa kusukumwa na goti. Kila nilipofika nilimkuta akijifunga mikanda mle ndani, akijifungua, akijivuta. Mara alitoka, mara alirudi chini akabaki amelala akiangalia dari. Siku ambazo alitoka aliniambia. Siku nyingine aliniambia nichemshe chai.

Mama alikuja kwangu Richmond Hill siku moja bila kupiga simu, jambo ambalo si la kawaida katika mji huu ambamo hata ndugu hupanga miadi. Nilimpa chai ya maziwa na kachori. Mume wangu alimwamkia, akanusa hali ya hewa, akapanda juu. Mama alikunywa nusu kikombe kabla hajasema kitu.

"Binti, sikuja kukuomba umpitishe."

"Ndiyo, Mama."

"Wala sikuja kukuomba umwangushe. Watoto wangu wananiambia nikuombe hivyo. Wanasema baba yao amezeeka, akae nyumbani." Akageuza kikombe kwenye sahani. "Mimi nataka tu kujua, siku hiyo utakuwa nani? Binti wangu au mtahini?"

Nikamwambia nitafanya kama alivyonifundisha mumewe. Niliona nimejibu vizuri. Akatikisa kichwa taratibu, akala kachori nyingine, akaniambia ndimu imezidi.

Alipoondoka mume wangu alishuka. Alikuwa amesikia yote, kuta za nyumba hizi ni karatasi. "Ni mzee wa watu," akasema. "Mpitishe. Njia yenyewe imenyooka, hakuna hata kona."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wote ambao magari yao nayakuta yadi."

"Wewe nawe kila kitu unakipeleka yadi."

Ni kweli, nakipeleka. Lakini usiku huo sikuwaza yadi. Nilimwaza mzee akiwa amelala mle ndani, mkono mmoja unafika na mmoja haufiki, moshi umejaa, na Mama anakimbia kwenye zege. Pia nilimwaza akiwa ameketi gerejini mwaka mzima kando ya gari lake ambalo mtu mwingine ameliendesha. Nilimpenda yule mzee. Sikumwambia, kwa sababu hakuna mtu wa rika lake ambaye ungemwambia neno kama hilo akajua aweke wapi mikono.

Siku ya kufungua msimu ilikuwa ya baridi, jua lipo lakini halina kazi. Tuliokota mawe. Mzee alitembea njia nzima na kurudi, akiokota kwa mkono wa kushoto. Tuliporudi mwanzoni Mama alikuwa ameshapakia mitungi na chai kwenye pikapu.

"Hutaki kutazama?" nikamwuliza.

"Nikiwapo atajikaza kwa ajili yangu, aumie. Niache nikae mahali pangu." Akaenda. Tuliitazama pikapu ikipungua mpaka ikawa kitu kidogo cheupe mwisho wa zege.

Mzee akaingia kwenye lile gari refu. Nilimfunga mikanda mwenyewe, kama alivyonifunga yeye, nikivuta kila mmoja mpaka akaguna. Nikamfunga kitambaa machoni. Watu wakakusanyika, mikono ikaenda nyuma. Mahali pa mtahini ni hatua kadhaa kutoka garini. Mimi nilisimama karibu zaidi, na wakati ule nilijiambia ni ili nione vizuri.

Mkaguzi akasema toka. Mikanda ilifunguka yote kama imepakwa mafuta. Usukani ukachomoka, goti likasukuma kifuniko, mkono wa kushoto ukalikamata bomba jipya. Akajivuta mpaka kiuno kikatokeza. Mkono wa kulia ukaja juu, ukafika usawa wa kidevu, ukagoma. Kisha akarudi chini polepole, na mkaguzi akasema muda umekwisha.

Kanuni inaruhusu kurudia mara moja. Mzee alisema yuko tayari. Alikunywa maji, akaomba kitambaa kikazwe, akafungwa tena.

Mara ya pili alikuwa mwepesi zaidi. Hakuutegemea mkono wa kulia hata kidogo, alijitupa upande kwa nguvu ya miguu, kifua kikavuka ukingo, mwili wote ukaanza kuelemea nje. Mkono wa kulia ukatoka ukipapasa hewani, chini chini, ukitafuta kitu. Ukalipata bega langu. Nilikuwa nimeinama bila kujua. Glavu ikanishika, uzito wake wote ukanipitia mwilini mpaka kwenye visigino, kisha akawa amesimama juu ya zege, nje ya gari, na mikono yangu bado ilikuwa nyuma.

Muda haukuwa umekwisha. Mkaguzi alikuwa anaangalia saa, na wengine walikuwa upande wa pili wa gari, wanauona mgongo wake tu. Watu wawili watatu wakaanza kupiga makofi. Mkaguzi akaniinulia nyusi, akingoja.

"Mzee," nikasema kwa Kiswahili, "umenishika."

Akatoa kitambaa. Alikuwa anahema. "Hao hawajaona."

"Mimi nimeona."

"Wewe ungerudi nyuma."

"Ningerudi nyuma ungeanguka."

"Basi ungeniacha nianguke," akasema. Hakupaza sauti. "Hiyo ndiyo nilikufundisha."

Alisema kweli, na alikuwa ameangushwa na ukweli huo huo. Wale wengine walitutazama, wakingoja tumalize hicho walichokiita Kihindi. Nilitaka aniambie jambo jingine, lolote, aniombe, anikasirikie. Alikuwa akifungua glavu kidole kwa kidole.

Nikamgeukia mkaguzi nikatikisa kichwa. Nikasema hapana kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutosha wote wasikie. Makofi yakafa. Mkaguzi hakuniuliza sababu. Kwa kanuni zao mtahini haulizwi.

Mzee akaketi kwenye ukingo wa gari lake. Nikaenda nikamshika mkono, sasa naruhusiwa, nikamsaidia kuvua helmeti ambayo mkono wa kulia usingeweza kuivua. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Mtu fulani akaleta blanketi, akatuona tulivyo, akaondoka nalo. Dereva aliyefuata kwenye foleni aliondoka pale mstarini, akajifanya ana kazi kwenye boneti yake.

"Utaiendesha wewe," mzee akasema.

"Sitaki."

"Sikuuliza kama unataka. Imengoja miaka yote hii kwenda. Utaiendesha, na usizidishe."

Nikamwambia sawa. Sauti yangu ilinitoka vibaya, na akanipigapiga goti kwa mkono wake mzuri, akiwa yeye ndiye ananituliza mimi. Kisha akaiomba redio. Akaishika mbele ya mdomo kwa muda bila kubonyeza kitu. Nilidhani ataniachia mimi niseme, na nilikuwa nikipanga maneno.

Akabonyeza. "Usiningoje huko leo," akamwambia mkewe. "Njoo unichukue huku mwanzo."

Redio ikakwaruza. "Nimeshaondoka," Mama akajibu.

Tukainua macho. Pikapu ilikuwa imeshapita nusu ya uwanja, inakuja kwa mwendo wa mtu anayetembea, taa zimewashwa, bila ruhusa ya mtu yeyote. Mimi hukokotoa mambo kama hayo kazini bila hata kufikiri. Kwa umbali ule na mwendo ule, alikuwa ameanza safari kabla mzee hajafungwa kitambaa mara ya kwanza.